Kutafuta riwaya inayokufaa: mwongozo kwa msomaji aliyechoshwa na vitabu vya mtihani

Mtu akikuambia "mimi si mtu wa kusoma," muulize riwaya yake ya mwisho ilikuwa ipi. Mara nyingi ni ile ya kidato cha nne. Aliisoma daftari la uhakiki likiwa pembeni, akiwinda dhamira, wahusika na tamathali za semi, na siku alipotoka kwenye chumba cha mtihani akaifunga kwa mara ya mwisho. Alichokichoka ni mtihani, ila riwaya nayo ikabebwa humohumo. Maana mtu huyohuyo jioni yuko mbele ya televisheni na tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, na usiku anangoja sehemu ya ishirini na tatu ya simulizi kwenye kundi la WhatsApp. Ikichelewa, anauliza kulikoni.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Ni wa yule mwingine pia, anayesoma sana lakini kila akiazimwa kitabu kinachosifiwa anakiona kikavu na kuanza kujishuku. Mifano yote nimeitoa kwenye riwaya za Kiswahili, maana humo ladha zinapishana kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 1: Weka daftari la uhakiki kando

Mwanafunzi wa Kenya amezoea "eleza muktadha wa dondoo hili." Wa Tanzania amezoea "jadili kauli hii ukitumia riwaya mbili ulizosoma." Maswali haya yana kazi yake, siyakebehi. Ila yanamzoesha msomaji kusimama kila aya kutafuta funzo, na mtu anayesimama kila aya hawezi kuchukuliwa na hadithi. Tena darasani kitabu umechaguliwa. Wanafunzi arobaini wanapewa riwaya moja na wote wanatakiwa waione nzuri. *Kidagaa Kimemwozea* ya Ken Walibora ilitahiniwa kwenye sekondari za Kenya kuanzia 2013 hadi 2017. Kaa na waliopita shule miaka hiyo uone: mmoja bado anamwigiza Mtemi Nasaba Bora, mwingine hataki hata kulisikia jina la kitabu. Kurasa walizosoma ni zilezile.

Kwa hiyo, kitabu chako cha kwanza kisiwe ulichokisoma shuleni, hata kama ulikipenda. Usinunue vile vijitabu vya uchambuzi vinavyouzwa bega kwa bega na riwaya. Na ruka dibaji. Baadhi ya riwaya zetu zina dibaji ya msomi anayekusimulia kisa chote, pamoja na nani anakufa, kabla hujafika ukurasa wa kwanza. Isome ukimaliza, hapo ndipo utaifaidi.

Hatua ya 2: Kumbuka hadithi zilizokuchelewesha kulala

Chukua karatasi, andika hadithi tano zilizowahi kukukamata kweli. Si lazima ziwe za vitabuni. Weka ngano ya bibi yako, filamu, mchezo wa redio, simulizi ya kwenye simu, hata kesi uliyoifuatilia gazetini kwa mwezi mzima. Mbele ya kila moja andika kilichokushika. Usiandike "ilikuwa nzuri", hilo halikusaidii. Andika kitu kama "nilitaka kujua nani kaua", au "yule mama alifanana na shangazi yangu", au "nilipenda walivyokuwa wanajibizana."

Usidanganye ili uonekane msomi. Karatasi ni yako peke yako.

Hatua ya 3: Jua ni sumaku gani inayokuvuta

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, maana ugomvi mwingi juu ya vitabu unaanzia hapa. Watu wawili wanaweza wote kusema wanapenda riwaya huku kila mmoja anatafuta kitu ambacho mwenzake hata hakioni. Kwa uzoefu wangu sumaku kubwa ni tano.

*Kisa.* Huyu anataka kujua nini kitatokea. Akipewa maiti na swali, hali chakula mpaka jibu lipatikane. Nyumba yake ipo zamani. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa *Mzimu wa Watu wa Kale*, na humo akamleta Bwana Msa, mpelelezi wa kiko mdomoni, akifuatana na rafiki yake Najum. Faraji Katalambulla akafuata na *Simu ya Kifo* mwaka 1965. Kisha wakaja Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba, Ben Mtobwa na Joram Kiango, na karibuni zaidi Hussein Tuwa. Lakini hata ndani ya kundi hili ladha hazilingani. Bwana Msa anakaa, anavuta kiko, anauliza maswali yanayoonekana ya kipuuzi, na msomaji anatakiwa kuwa na subira naye. Willy Gamba hana muda huo. Kwake kuna ndege, bunduki na wanawake wazuri wasioaminika. Ukimpa shabiki wa Willy Gamba kitabu cha Bwana Msa, atakurudishia kesho yake.

Wahakiki waliziita hizi riwaya pendwa, na baadhi yao walilitamka jina hilo kwa pua iliyokunjwa. Usione haya. Kupanga kisa kisivuje ni kazi ngumu, na waandishi wengi wanaosifiwa hawaiwezi.

*Mtu.* Huyu anaweza kuvumilia kisa chembamba mradi kuna binadamu wa kumfuata. Atampenda Rosa wa *Rosa Mistika* (1971) ya Euphrase Kezilahabi, binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali wa baba mlevi na kutoka nyumbani bila kujifunza kujiongoza. Atamfuata Maimuna katika *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, na Kongowea Mswahili wa *Siku Njema* (1996) ya Ken Walibora, kijana anayemtafuta baba yake kuanzia Tanga hadi bara ya Kenya. Onyo moja: msomaji wa aina hii huumia. Kama huwezi kulala ukisoma mwisho mchungu, usianze na Rosa.

*Mahali na zama.* Wapo wanaosoma ili wakae mahali fulani kwa muda. Anayetaka Unguja ya ukoloni, Adam Shafi amemjengea. *Kuli* (1979) inampeleka bandarini mpaka kwenye mgomo wa makuli wa 1948. *Vuta n'kuvute* (1999) inamfuata Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume mkubwa kuliko yeye, akaikimbia ndoa hiyo na kujikuta katikati ya harakati za kudai uhuru. Kuna pia *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel. Msomaji wa mahali hana haraka. Akipewa ukurasa mzima juu ya duka, gati au msafara, anashukuru, wakati msomaji wa kisa ameshafunua kurasa tatu mbele.

*Lugha.* Kwake sentensi ndiyo raha yenyewe. Huyu ndiye anayemfurahia Shaaban Robert mpaka leo. Katika *Kusadikika* (1951), Karama amesimama mahakamani katika nchi iliyo angani, na utetezi wake ni visa vya wajumbe sita waliotumwa pande sita. Tangu mwanzo unahisi mambo yanakoelekea, mashaka ni machache, na uzuri uko kwenye namna hoja inavyopandishwa ngazi kwa ngazi. Msomaji wa kisa atasinzia humo. Si kosa lake, wala si la Shaaban.

*Wazo.* Hawa ni wachache na wanavumilia mengi. Wanataka kitabu kiwavuruge kichwa. *Nagona* na *Mzingile* za Kezilahabi, *Babu Alipofufuka* ya Said Ahmed Mohamed na *Bina-Adamu!* ya K. W. Wamitila ni zao: wafu wanatembea, safari hazina ramani, na swali linaloulizwa haliishi kitabu kinapoisha. Nagona na Mzingile ni vitabu vyembamba, lakini wembamba huo umewaponza wengi waliodhani watavimaliza kwenye basi la Morogoro.

Umeona jina la Kezilahabi limetokea mara mbili, kwenye makundi yasiyofanana hata kidogo. Ndiyo maana kuchagua kwa jina la mwandishi pekee ni hatari. Aliyelia na Rosa akakimbilia Nagona kwa mapenzi hayohayo anaweza kudhani ametapeliwa.

Sasa rudi kwenye karatasi yako ya hadithi tano. Weka kila sababu chini ya sumaku mojawapo. Wengi wetu tuna mbili, moja kubwa na moja ndogo, na mchanganyiko huo ndio wa kuufuata. Kisa pamoja na mahali, kwa mfano, kinakupeleka moja kwa moja kwa Bwana Msa: mauaji yapo, na Unguja ipo na baraza zake. Mtu anayeniuliza aanze wapi bila kunieleza chochote, humtajia hicho.

Hatua ya 4: Jaribu kabla ya kulipa

Usiamini jalada la nyuma. Wachapishaji wetu wanauza sana kwa shule, kwa hiyo maelezo ya nyuma yameandikwa kumridhisha mwalimu: "riwaya hii inamulika ufisadi, ndoa za lazima, ukimwi na nafasi ya mwanamke katika jamii." Baada ya kusoma hayo bado hujui kama kitabu kinachekesha. Fanya hivi badala yake, umesimama hapohapo dukani:

1. Soma ukurasa wa kwanza wote. Ukiumaliza, jiulize kama kuna kitu unataka kukijua. Kama hakuna, usikitupe bado.
2. Fungua katikati, tafuta mahali watu wanapozungumza. Soma majibizano hayo bila kujua wahusika ni nani. Je, unaweza kuwatofautisha kwa usemi wao? Mwandishi ambaye watu wake wote, kuanzia mvuvi hadi waziri, wanaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari, atakuchosha.
3. Soma aya moja ndefu isiyo na mazungumzo, kimoyomoyo lakini kwa mwendo wa kusoma kwa sauti. Ukijikwaa mara mbili tatu, tazama kama ni msamiati mgeni au ni sentensi mbovu. La kwanza linatibika.

Mtihani wa pili ndio ninaouamini zaidi. Kisa kizuri kinaweza kuchelewa kuanza, lakini mwandishi asiyesikia watu wakiongea hapati masikio kwenye ukurasa wa mia.

Simulizi za mtandaoni hujaribiwa kwa njia nyingine, maana sehemu za mwanzo hutolewa bure na zimetengenezwa kukunasa. Kila sehemu inakatwa mlango ukigongwa au bastola ikitolewa, kisha unaambiwa utume hela kwa simu upate iliyobaki. Soma sehemu tatu mfululizo, utazame mlango uliogongwa ulifunguliwa na nani. Kama kila mara ni mhudumu kaleta chai, baki na hela yako.

Hatua ya 5: Kitabu utakipata wapi

Dar es Salaam kuna duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House), Barabara ya Samora, na Nairobi kuna Text Book Centre. Ukitaka vya zamani nenda kwa wauza vitabu vya mitumba, wale wanaovipanga chini kando ya barabara. Ndiko vitabu vya miaka ya 1970 na 1980 vinakoibuka, na jina la shule fulani limegongwa muhuri ndani. Maktaba Kuu ya Taifa ya Tanzania, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, imekuwa wazi tangu 1967, na mikoani maktaba zipo pia. Aliye Ulaya au Marekani anaweza kuagiza vitabu vya wachapishaji kadhaa wa Afrika, Mkuki na Nyota wakiwemo, kupitia African Books Collective ya Oxford.

Ukikutana na nakala iliyopigwa picha na kusambazwa bure, kumbuka waandishi wengi wa Kiswahili hawaishi kwa kalamu. Kwa kitabu kilicho dukani, nunua.

Hatua ya 6: Panga usomaji wako, bila kujikalifu

Riwaya zetu nyingi si ndefu. Yenye kurasa 180, ukisoma 15 kwa siku, unaimaliza kwa siku 12. Chagua saa moja isiyobadilika, kabla ya kulala au kwenye daladala, na simu iwe mbali na mkono.

Kuhusu msamiati: mtu wa bara akisoma riwaya ya Unguja, au wa Lubumbashi akisoma ya Mombasa, atakutana na maneno asiyoyajua. Usikimbilie kamusi kwa kila neno. Soma aya nzima kwanza, maana mara nyingi inajieleza. Neno likirudi mara tatu na bado linakuzuia, hapo fungua *Kamusi Kuu ya Kiswahili* ya BAKITA. Mazungumzo ya Kiunguja yaliyokupita machoni bila maana, yasome kwa sauti. Mara nyingi sikio linajua kuliko jicho, hasa kwa aliyekulia kwenye taarabu na michezo ya redio.

Ukimaliza, andika mistari mitatu tu: kilichokuvuta, mahali ulipopunguza mwendo, na mtu unayedhani kitabu kitamfaa. Mstari wa pili ndio wenye siri. Baada ya vitabu vitano, utaona unapunguza mwendo mahali palepale. Labda ni kwenye maelezo ya mandhari, au kila mwandishi anapoanza kuhutubia juu ya siasa. Hiyo ndiyo ladha yako ikijisema yenyewe.

Hatua ya 7: Jua kukiacha kitabu

Kanuni yangu ni kurasa hamsini, au robo ya kitabu kama ni kifupi. Ukifika hapo na hujali kitakachompata yeyote, funga. Hakuna atakayekuita mbele ya darasa.

Ila kabla ya kufunga, jiulize unakiacha kwa nini. Kuna kitabu kinachochosha na kuna kinachouma, na mikononi vinafanana: vyote unaviweka chini. Kinachochosha mpe mwingine. Kinachouma kirudishe rafuni, maana huenda ni wewe hujawa tayari. Mtu aliyefiwa jana hana haja ya riwaya ya msiba, hata iwe bora namna gani. Na umri nao hubadilisha mambo. Aliyesoma *Siku Njema* akiwa na miaka kumi na sita alikuwa upande wa kijana anayemtafuta baba; akiirudia akiwa na watoto wake, hawezi kumtazama yule baba kwa macho yaleyale.

Hatua ya 8: Bishana vizuri na mwenye ladha nyingine

Kuna kauli tatu ambazo watu huzitumia kama moja. "Sikukipenda" ni habari juu yako. "Kimeandikwa vibaya" ni madai juu ya kazi, na unatakiwa uonyeshe ukurasa. "Ni kitabu kibaya," kwa maana ya kuharibu watu, ni hukumu ya maadili, na hiyo ina mjadala wake kabisa.

*Rosa Mistika* ni mfano mzuri wa kauli hizi zilivyovurugana. Kilipotoka kilizungumzia mapenzi ya wasichana wa shule kwa uwazi ambao haukuzoeleka, na kwa muda kilipigwa marufuku mashuleni Tanzania. Baadaye kikaja kusomeshwa humohumo madarasani. Maneno ndani yake hayakubadilika. Mpaka leo utasikia mzazi akisema kitabu hakifai, na ukimsikiliza vizuri unagundua anamaanisha kwamba kilimtisha, ambako ni kukisifu bila kujua. Na wapo vijana wanaokitetea kwa sababu tu wazee walikichukia, nao wala hawajauliza kama sura za mwisho zina haraka mno. Mimi naona zina haraka. Mke wangu anasema haraka hiyo ndiyo inayomfanya mtu akose pumzi, na kila tukilirudia suala hilo ananitajia jambo ambalo sikuliona.

Basi mwenzako akikuambia kitabu ukipendacho kimemchosha, usimtetee mwandishi. Muulize alifika wapi na alikuwa anangoja nini. Akisema "nilingoja kitu kitokee," na wewe ulikuwa unafurahia sentensi, mmeshaelewana. Kila mtu na sumaku yake. Akikuonyesha mhusika aliyebadilika ghafla bila sababu, hapo kuna hoja, na uifungue upya sura hiyo.

Mkianzisha kikundi cha kusoma, chagueni kwa zamu, na mwenye zamu asipingwe. Kikundi kinachopiga kura kila mwezi huishia kwenye kitabu ambacho hakuna anayekichukia na hakuna anayekipenda.

Hatua ya 9: Kumchagulia mwingine, na kuazima

Unapomnunulia mtu zawadi, usimuulize anapenda kusoma nini. Atakutajia anachoona kinamfanya aheshimike. Muulize ni hadithi gani ya mwisho iliyomchelewesha kulala, ya kitabu au ya televisheni. Akikutajia tamthilia, muulize alikuwa upande wa nani. Anayekueleza nani kamsaliti nani ni mtu wa kisa. Anayekueleza mama mkwe alivyojibu, huku anamwigiza, mpe riwaya yenye majibizano makali.

Kwa mtoto wa shule, mpe kitabu ambacho hakimo kwenye orodha ya mwaka huu, na usimuulize amejifunza nini. Muulize amefika wapi.

Kuazima ni jambo la mwisho, na linahitaji ukali kidogo. Andika jina lako ndani, na kwenye simu andika nani kachukua na tarehe gani. Riwaya iliyopo dukani mwazime yeyote. Ile uliyoiokota kwenye mitumba, toleo la 1974 ambalo halichapishwi tena, msomaji aje aisomee sebuleni kwako, na chai umpe.